Samaki wa Makambi

Mimi samaki namjua kwa matamvua. Nilizaliwa kisiwani Mfangano, na kwa mama yangu mtoto wa kike alishika kisu cha kuparia magamba kabla hajajua kusonga ugali. Nifungulie shavu la ngege, perege wa ziwa letu: likiwa jekundu bichi, ametoka majini leo asubuhi, likiwa limefifia, ni wa jana, likiwa la kijivu, shauri yako na tumbo lako. Nayasema haya mapema kwa sababu waliokuja kunihukumu walisema nilikuwa msichana mjinga aliyefanya utundu. Sikuwa mjinga. Nilijua nilichokuwa nikifanya, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Niliolewa bara, upande wa Mto Kuja, mwendo wa asubuhi moja kutoka machimbo ya dhahabu ya Macalder. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati Migori na Homa Bay zilikuwa bado katika wilaya moja. Huko mke huitwa kwa jina la kwao, kwa hiyo mimi nilikuwa Nyar Mfangano, binti wa Mfangano, na kwa namna mama mkwe alivyolitamka jina hilo ungedhani Mfangano ni aina ya upele. Nyumba ilikuwa ya Wasabato, na baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa. Mimi nililelewa Mkatoliki, na kwetu tulikula kila kilichoogelea: ngege, ningu, kambare, kamongo. Kwa wakwe zangu samaki asiye na magamba alikuwa najisi, basi. Nilibatizwa upya katika Kuja, nikaambiwa kambare nimemwacha majini pamoja na dhambi zangu. Nikasema amina.

Sikumwacha. Jirani yetu alikuwa mwanamke wa rika langu, Mkatoliki, ambaye mumewe alichimba dhahabu Macalder na kurudi mara chache. Tuliitana nyieka, yaani mke mwenzangu, kama wanavyotaniana wanawake walioolewa katika ukoo mmoja. Juu ya moto wake hapakukosa kambare wa kukaushwa kwa moshi. Nikitumwa kuni nilipitia kwake, nikala mkia, nikanawa kwa majivu na majani ya mlimau, nikarudi nyumbani nimejinyoosha kama shemasi. Katika kijiji kizima yeye peke yake ndiye aliyenichekesha.

Baba mkwe alikuwa na bwawa la samaki. Siku zile watu walihimizwa wachimbe mabwawa, na yeye alichimba la kwanza katika sehemu yetu, yeye na wanawe, kwa jembe na karai, wakaelekeza kijito kiingie upande wa juu na kutokea upande wa chini. Watu walimcheka. Nani amewahi kulima samaki, na ziwa lile pale? Afisa wa samaki, ambaye sote tulimwita bwana samaki, alileta vifaranga vya ngege ndani ya debe la maji, na kwa miaka miwili hakuna aliyeruhusiwa kuvua hata mmoja. Baba mkwe alikuwa amekwisha kutangaza kanisani kwamba samaki wa kwanza wa bwawa lile wataliwa na wageni wa makambi. Makambi, kwa asiyejua, ni mkutano mkubwa wa Wasabato wa kila mwaka. Mwaka ule ilikuwa zamu yetu, na wageni wangetoka Migori, Homa Bay na hata visiwani. Chakula cha siku ya Sabato kilikuwa juu yetu.

Kazi ya kuwalisha wale samaki ilikuwa yangu. Nilipiga debe kwa kijiti, nikamwaga pumba na mchwa, na ngege walikuja wakisukumana mpaka maji yakachemka. Naona haya kusema niliwapenda, lakini niliwapenda. Walikuwa kitu pekee cha kwetu katika nchi ile.

Mwaka ule mvua ilizidi, na magugu yakafunika bwawa ukingo hadi ukingo. Wavu usingepita. Baba mkwe alizunguka pale kila asubuhi akiguna, na wanawe waliingia majini kung'oa, lakini walichong'oa Jumatatu kilikuwa kimerudi Ijumaa.

Mume wangu alikuwa kibarua bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay, katika kikosi kilichoua vichaka vya mbung'o. Jumapili ile kabla ya makambi alikuja likizo, na nyuma ya baiskeli amefunga kopo la bati lililozungushiwa gunia. Ndani mlikuwa na dawa ya kuulia vichaka. Kwa baba yake alisema amepewa na msimamizi. Mimi aliniambia ukweli tukiwa wawili chumbani: aliichukua ghalani bila ruhusa. Ikijulikana, kazi imekwenda, na yeye huenda akafungwa.

Jumatatu akaazima pampu ya mgongoni ya mkulima mmoja wa pamba, akazunguka bwawa akinyunyizia magugu mpaka yakalowa. Baba yake alisimama ukingoni, mikono nyuma, akitazama kama mtu anayetazama mwanawe akihitimu. Dawa iliyobaki ndani ya bati mume wangu aliimwaga kwenye magugu mazito, pale pale maji yanapoingilia, ili isipotee bure. Kisha akasuuza pampu bwawani.

Jumanne majani yalijikunja. Jumatano yalikuwa ya kahawia kama yaliyopitiwa na moto, na baba mkwe akacheka kwa sauti, kitu nilichomwona akifanya mara mbili tu maishani mwangu. Jioni ile nilipiga debe, nikamwaga pumba. Pumba ilielea. Nikapiga tena. Hakuna aliyekuja.

Alhamisi asubuhi nilikuta wengi wamepanda juu, midomo nje, wanameza hewa kama watu waliotoka kukimbizwa. Vifuniko vya mashavu vilipanda na kushuka haraka haraka. Mmoja mkubwa aliogelea kwa ubavu, akazunguka, akagonga ukingo, akazunguka tena. Ngege mzima humshiki. Kivuli chako tu kinamtimua. Huyu nilimwokota kwa mkono. Ute ulimtoka mwilini kwa nyuzi, mzito kama wa bamia. Mapezi yalikuwa yamechanika pembeni, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Nikafungua shavu. Halikuwa jekundu, wala halikuwa la kijivu. Lilikuwa na rangi ya ini lililolala, limevimba, lina madoa ya damu. Rangi ile sikuwahi kuiona, na samaki alikuwa bado hai mkononi mwangu. Chini ya ukingo konokono walikuwa wameachia mawe, wanaelea.

Nikampelekea mume wangu yule samaki. Alikuwa akinyoa ndevu mbele ya kioo cha baiskeli.

"Hiyo ni dawa ya majani," alisema. "Samaki ni majani?"

"Angalia mashavu yake."

"Nyar Mfangano, mimi nimenyunyiza hii kitu miezi mingi, mikono mitupu. Si niko hapa? Nimekufa?"

"Wewe hukuikunywa. Hawa wanaivuta kila wakipumua."

Akaweka wembe chini. "Sikia. Ukisema ni dawa, bwana samaki atauliza imetoka wapi. Na Sabato atakuwa hapa, amealikwa. Unataka nifungwe?"

Nilimtazama mikono. Kucha zake zilikuwa na mistari myeupe ambayo haikuwapo alipoondoka nyumbani. Nikamchukua yule samaki nikatoka. Alikuwa mume wangu, na bado nilikuwa nampenda, tena kwa ule upendo wa kijinga wa mtu ambaye mumewe yuko mbali siku nyingi.

Nikaenda kwa mama mkwe. Kwake sikutaja dawa. Nilisema tu samaki ni wagonjwa. Akamgeuza yule ngege, akamminya tumbo, akamrudisha mkononi mwangu.

"Hawa wamelewa tu," alisema. "Hayo majani yamekufa na kuoza, yamewalewesha. Kwenu mnavua na nyavu, hamjui mambo ya kulewesha samaki."

Nililijua jambo lenyewe kwa kusikia. Wakati wa kiangazi, Kuja ikipungua na kubaki madimbwi, wanawake wa huko walitwanga majani ya utupa, wakayatikisa ndani ya maji kwa vikapu. Samaki walipata kizunguzungu, wakaelea, wakaokotwa. Mama mkwe alikuwa amefanya hivyo tangu usichana, mama yake vilevile, na hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo. Samaki aliyelewa, kwao, alikuwa bahati. Alikuwa samaki aliyekuja mwenyewe. Niwalaumu vipi? Walikuwa na ujuzi wa kweli, uliolisha watu miaka mingi, ila haukuwa ujuzi wa bati lile.

Lakini nilikuwa nimesikia pia kwamba samaki wa utupa, ukimtia katika maji safi, huzinduka na kuogelea kama kawaida. Nikamwambia, "Mama, basi tujaribu." Akakubali. Mwanamke yule alikuwa mkali, ila ukimwekea jambo mezani hakukwepa. Tulichota maji ya chemchemi katika karai, tukatia ngege watatu, tukaweka kivulini. Kufika adhuhuri mmoja alikuwa amekufa, wa pili ameelea tumbo juu, wa tatu amelala chini akifungua na kufunga mdomo. Mama mkwe aliinama juu ya karai muda mrefu.

"Wamelewa sana," alisema, akaenda zake.

Nilimwona akirudi mara mbili kuchungulia.

Ijumaa asubuhi wakavua. Wanaume wawili na wavu mmoja, na kelele za furaha mpaka barabarani, kwa sababu samaki hawakupigana. Waliingia wavuni kama kuni. Baba mkwe alisema waache nusu bwawani, bwana samaki awaone kesho kwa macho yake. Sisi wanawake tulikaa chini ya mti wa uani na visu. Nilipompasua wa kwanza, ini lilikuwa la njano, laini, linaachana kidoleni, na nyongo imevimba karibu kupasuka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu. Nilimwonyesha aliyekaa karibu yangu, akasema ni mafuta, ngege wa bwawa hunenepa. Mafuta! Nilitaka kumpaka usoni.

Nikanawa, nikaenda walipoketi wazee. Mke wa mwana hasogelei kikao cha wazee hivi hivi, kwa hiyo nilisimama mbali mpaka baba mkwe akaniona.

"Baba, hawa samaki ni wagonjwa. Ndani si wazima."

Wazee wakageuka. Nyuma yao mume wangu alikuwa akipanga mabenchi, akaacha, akanitazama.

"Mwanangu," baba mkwe alisema, "hiyo bwawa nimechimba na hii mikono. Wageni wako njiani. Nenda usaidie mama yako kupika." Alilisema kwa upole, na upole wake ndio ulionifunga mdomo. Angenikemea, nadhani ningepiga kelele, na bati na ghala na yote yangetoka.

Nikapika. Nilikaanga ngege kwa mafuta, wenzangu wakiwapanga ndani ya sufuria tatu kubwa za kanisa pamoja na nyanya na vitunguu. Alasiri ilikuwa imefika. Kwa Wasabato jua likizama siku ya Ijumaa moto haukokwi tena kwa kupika. Kila kitu lazima kiwe tayari. Wageni wa kwanza walikuwa wameanza kuingia, akina mama wenye watoto mgongoni, vumbi miguuni, wanaomba maji. Mtoto mmoja alikuja akasimama kando ya sufuria akavuta harufu, akanitabasamu. Nilimfukuza kwa ukali hadi mama yake akanishangaa.

Kumwaga sufuria nisingeweza. Wanawake walikuwa wengi pale, na bwawani walibaki samaki wa kupika tena. Nilitakiwa kufanya chakula kile kisilike, tena kwa kuchelewa, jua likiwa karibu kuzama ili wasipate nafasi ya kuvua upya. Nilikuwa nachochea moto wazo liliponijia, nikasimama papo hapo nikasema naenda kuni.

Rafiki yangu alikuwa akisaga wimbi. Alifurahi kuniona, akanipa uji, nikaketi nikaunywa kwa sababu kukataa kungemfanya aulize.

"Nipe mumi mmoja, nyieka," nikasema. Mumi ndiye kambare kwa Kijaluo.

"Leo? Na makambi iko mlangoni?" Akacheka, akajipiga paja. "Wewe umeshika mimba!"

"Labda."

"Na hiyo samaki ya bwawa, mimi nitaonja, ama ni ya watakatifu peke yao?"

"Hutapenda," nikasema.

Tulicheka sote wawili. Akanichagulia kambare mnono, akamfunga kwa jani la mgomba. Ningeweza kumwambia. Lakini alikuwa mtu wa maneno mengi. Jambo likiingia kwake asubuhi, jioni liko sokoni. Ndivyo nilivyojiambia nikirudi, na mzigo wangu ndani ya kuni. Ukweli mwingine ni kwamba niliona haya. Sikutaka ajue mume wangu ni mwizi.

Nilivunja kambare vipande vitatu jikoni, nikasubiri mama mkwe ageuke, nikatia kimoja katika kila sufuria, nikakikandamiza chini kwa mwiko. Kisha nikakaa. Sijawahi kulitazama jua namna ile. Kila mgeni aliyepita karibu na sufuria nilimfuata kwa macho. Mara mbili mama mkwe alitaka kumwonjesha mke wa mchungaji, mara mbili nikatafuta la kumwitia. Jua lilipobaki upana wa kiganja juu ya vilima, na wasichana wameanza kuvuta kuni motoni, nikasimama.

"Mama," nikasema kwa sauti ya kusikika ua mzima, "nimetia mumi ndani ya sufuria zote tatu."

Walidhani nina wazimu. Mama mkwe akashika mwiko, akaingiza mpaka chini, akapandisha kipande cha ngozi nyeusi, laini, isiyo na gamba hata moja. Mtu akapiga yowe. Mke wa mchungaji akarudi nyuma akiinua sketi yake, kana kwamba kitaruka. Baba mkwe akaja, akatazama, na uso wake ukazeeka mbele yangu.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Nilikuwa na hamu, baba."

Hilo ndilo jibu nililolipata. Akasema Jumapili nitarudishwa kwetu. Mume wangu hakunipiga, ingawa watu walimngoja anipige. Alikuwa ameelewa, na niliona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Hilo sijamsamehe. Nikaamriwa kuingia chumbani kwangu na kukaa humo, na nje jua likazama, wakaanza kuimba nyimbo za kuikaribisha Sabato, wageni mia wenye njaa. Nami nikalala, tena usingizi mzuri. Nilidhani kazi imekwisha.

Asubuhi wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, aliniletea kikombe cha maziwa. Alikuwa amevaa nguo nyeupe ya kanisani na hakutaka kunitazama. Nikamuuliza sufuria zilimwagwa wapi.

"Mbili tumemwaga ndani ya shimo, tukafukia," alisema. "Ile ya tatu mama alisema kumwaga chakula yote ni dhambi. Tumempelekea yule rafiki yako. Yeye si anakula mumi?"

Nilitoka na shuka kiunoni. Nilipita katikati ya watu wanaokwenda kanisani, wamebeba vitabu vyao, wakanipisha kama wanavyompisha mwenye kichaa. Sikuwahi kuwaza hilo. Mwanamke wa nyumba ile asingetupa hata ukoko wa ugali, nami niliishi naye miaka mitatu na sikuwaza.

Rafiki yangu alikuwa kizingitini, amejishika tumbo, midomo imekauka. Ndani palinuka matapishi. Sufuria ilikuwa pale jikoni, robo imeliwa, na kando yake bakuli limefunikwa vizuri kwa jani.

"Hiyo ni ya mzee," akasema kwa shida. "Kuna mtu anaenda Macalder leo, atambebea." Akajaribu kutabasamu. "Nilikula jana, nikakula tena asubuhi. Ilikuwa tamu, nyieka. Kumbe ulinidanganya."

Nilimwaga lile bakuli na ile sufuria ndani ya choo. Kisha nikasimama njiani nikapiga mayowe mpaka wanaume wawili wenye mashati meupe wakaacha kanisa, wakafunga kitanda kwa kamba, tukambeba hadi zahanati. Kila baada ya hatua chache ilibidi tumshushe atapike. Dresa, mhudumu wa pale, akauliza amekula nini. Nikasema samaki. Akauliza samaki gani, na mbele ya wale wanaume wa kanisa nikasema yote: dawa ya kuulia vichaka, bati, ghala la Lambwe, na nani aliichukua. Ilinichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha uji. Siri niliyoilinda siku sita, nikavunja karamu, nikakubali kurudishwa kwetu kwa ajili yake, ilitoka kwa pumzi moja.

Mume wangu hakungoja kuulizwa. Tuliporudi baiskeli haikuwapo. Nilisikia yuko Musoma, baadaye nikasikia hayupo, na mimi nikaacha kusikiliza. Baba mkwe alilifukia bwawa lake mwenyewe kwa jembe lile lile, pamoja na samaki waliobaki ambao kufika Jumapili walikuwa wamefura na kuelea wote. Hakunirudisha Mfangano. Sabato iliyofuata alisimama kanisani akashuhudia kwamba sheria ya magamba imewaokoa watu wa Mungu kutoka katika kifo, na kwamba hata mkono wa mkwe wake mkaidi ulitumika. Watu wakasema amina, wengine wakageuka kunitazama kwa wema. Mama mkwe alinishika mkono. Nilitaka ardhi inimeze.

Rafiki yangu hakufa. Alilala wiki nyingi. Kwanza nyayo zilimwaka, akalia tumwekee matope ya baridi. Kisha moto ukaisha na hisia zikaisha nao. Alipoanza kutembea alitembea akiitazama miguu yake, kwa sababu asipoitazama hakujua iko wapi. Mumewe alirudi kutoka Macalder, akakaa siku chache, akarudi kazini. Kumwogesha nikawa namwogesha mimi.

Siku moja alasiri nilikuwa nimechuchumaa mbele yake na beseni. Hakuwa amecheka kwa muda mrefu, na siku ile alikuwa akinitazama utosini, nilihisi.

"Ulipokuja kuniomba mumi," alisema, "ulikuwa unajua hiyo samaki ni sumu?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaketi hapo. Ukakunywa uji yangu."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza kama nitaonja."

"Ndiyo, nyieka."

"Hao wa kanisa umewaharibia sufuria tatu wasikule. Mimi si ungeniambia tu?"

Nilifikiria kumtaja mume wangu, na kifungo, na mdomo wa huyu rafiki yangu usiokaa na neno. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa mbele ya mtu yule. Nikaendelea kusugua kisigino chake kwa jiwe, polepole, nikapita katikati ya vidole, nikasuuza, nikafuta kwa kanga. Nikauweka mguu ule mkekani, nikanyoosha mkono kuuchukua wa pili. Macho yake yalikuwa bado utosini kwangu, hayajashuka miguuni.

"Haya, anza kuosha basi," akasema. "Maji inapoa."